Padri, Ziwa na Umri wa Ulimwengu

Mawe yanayolizunguka jiji la Mwanza, kuanzia Jiwe la Bismarck lililosimama majini hadi kilima cha Bugando, ni graniti iliyopoa ndani ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Ziwa Victoria lililo chini yake ni changa mno ukilipima na mawe hayo. Wanajiolojia hulikadiria kuwa na miaka 400,000 hivi, na maji tunayoyaona leo yalianza kujaa upya takriban miaka 15,000 iliyopita. Juu ya mawe hayohayo, na katikati yake, watu wa wilaya ya Nyamagana wamejenga makanisa na misikiti.

Mtoto anayekulia hapa husikia habari mbili za mwanzo. Kwenye ibada ya Ijumaa, Jumamosi au Jumapili huambiwa kwamba Mungu aliumba mbingu na nchi. Akifika Kidato cha Kwanza, mojawapo ya mada za awali za somo la Historia humpeleka kwenye chanzo cha binadamu, na vitabu vingi huziweka habari hizo bega kwa bega, ya kuumbwa na ya mageuko, kama wagombea wawili wa kiti kimoja. Mwanafunzi huandika zote mbili ili apate alama, kisha hurudi nyumbani akijiuliza ni ipi anayoruhusiwa kuiamini.

Mpangilio huo unamdhulumu. Historia ya uchunguzi wa mwanzo wa ulimwengu na viumbe, kwenye fukwe za ziwa letu na mbali nazo, imejaa watu waliosali na kupima, tena baadhi yao walikuwa mapadri. Inafaa kuisimulia ili kijana huyo ajue kwamba hakuwekwa njia panda.

Dai la Speke

Kabla ya mmisionari yeyote kufika, Wasukuma na Wanyamwezi walikwisha kumtaja Mungu kwa majina kama Likube, Limatunda na Liwelelo. Nao hawakuacha kuchunguza mbingu. Wakulima wa nchi hizi walilitazama kundi la nyota la kilimia ili wajue majira ya kulima, na wahenga wakaacha usemi kwamba kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Aliyesema hivyo alikuwa amehesabu misimu mingi. Kumwomba Mungu mvua na kuhesabu mwendo wa nyota zilikuwa kazi mbili za mtu yuleyule.

Tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke, akiwa na wapagazi na mkalimani wake Sidi Mubarak Bombay, alipanda kilima karibu na Mwanza ya leo akayaona maji ambayo wenyeji walikuwa wakiyavua kwa vizazi vingi. Papo hapo akaamini kwamba ameipata chemchemi ya Mto Nile. Ushahidi hakuwa nao. Hakuwa amelizunguka ziwa wala kuuona mto ukitoka. Mwenzake Richard Burton, aliyebaki Tabora kwa ugonjwa, aliukataa uamuzi huo. Mwaka 1862 Speke alirudi akauona mto ukimiminika upande wa Uganda, lakini wapinzani hawakuridhika. Mwaka 1864 alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe, siku moja kabla ya mdahalo ambamo angekutana na Burton hadharani.

Ubishi huo haukumalizwa na ufasaha wa mtu. Ulimalizwa na mashua. Februari 1875 Henry Morton Stanley alifika Kageyi, kwenye Ghuba ya Speke, ambako mfanyabiashara wa Kiswahili aitwaye Sungoro alikuwa amekwisha kuweka makazi. Akaunganisha vipande vya mashua yake, Lady Alice, na kwa muda wa miezi miwili hivi akalizunguka ziwa zima. Alikuta kwamba ni ziwa moja, si madimbwi mengi, na kwamba mto mmoja mkubwa hutoka kaskazini. Dai lililotolewa kwenye kilima cha Mwanza likawa limepingwa, likapimwa, likathibitishwa baada ya miaka 17.

Nadharia yoyote ya sayansi hupita njia hiyo. Huanza na dai, dai hilo hulazimika kusema mambo yanayoweza kukaguliwa, kisha ukaguzi hulipa nguvu au hulizika. Kwa hiyo anayesema juu ya asili ya ulimwengu kwamba hiyo ni nadharia tu, akimaanisha kwamba ni maneno ya kubuni, ameisahau historia ya ziwa lake mwenyewe.

Misheni na madarasa

Mwishoni mwa 1878, kwenye Kageyi hiyohiyo, ulifika msafara wa kwanza wa Wamisionari wa Afrika, wale tuwaitao Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa na Askofu Mkuu Charles Lavigerie huko Algiers mwaka 1868. Mapema 1879 wakavuka ziwa kwenda Buganda. Mambo yalipokuwa magumu huko, mwaka 1882 walirudi kusini, na 1883 wakaanzisha misheni ya Bukumbi, upande wa kusini wa mji wa sasa. Waanglikana walifungua kituo Nassa mwaka 1888, ambacho mwaka 1909 kiliingia mikononi mwa Africa Inland Mission, mama wa kanisa la Africa Inland Church (AIC). Uislamu ulikuwa umetangulia kwa njia ya misafara ya biashara. Waadventista Wasabato nao walipata waumini wengi Mara na Mwanza.

Misheni zilileta katekisimu, na pamoja nayo zikaleta ubao na chaki. Shule ya St. Mary's ya Tabora, ya Mapadri Weupe, ndiyo iliyomwajiri kijana wa Butiama, Julius Nyerere, baada ya masomo yake ya Makerere. Alikuwa amebatizwa Desemba 1943. Kuanzia 1946 hadi 1949 alifundisha Baiolojia na Kiingereza katika shule hiyo ya kanisa, na Mkatoliki huyo alibaki mtu wa misa hadi mwisho wa maisha yake. Hakuna aliyeona ajabu kwamba muumini anawafundisha vijana habari za seli na viungo vya mwili chini ya paa la mapadri.

Padri aliyeirudisha saa nyuma

Miaka hiyohiyo, Ulaya, padri mwingine alikuwa ameubadilisha mtazamo wa wanadamu juu ya mbingu zote. Georges Lemaître alizaliwa Charleroi, Ubelgiji, tarehe 17 Julai 1894. Alipigana katika Vita Kuu ya Kwanza, akarudi darasani kusoma hisabati, kisha akaingia seminari na kupewa upadri Septemba 1923. Baada ya hapo alikwenda Cambridge kujifunza kwa mwanafalaki Arthur Eddington, akavuka bahari hadi Marekani, halafu akawa profesa Leuven.

Mwaka 1927 aliandika makala kwa Kifaransa katika jarida la Brussels ambalo wanasayansi wachache tu walilisoma. Humo alionyesha, kwa kutumia milinganyo ya Albert Einstein mwenyewe, kwamba ulimwengu unatanuka, na kwamba ndiyo sababu galaksi za mbali zinaonekana kutukimbia. Walipokutana mwaka huo, Einstein alimwambia kwamba hesabu zake ni sahihi lakini fizikia yake haikubaliki hata kidogo. Miaka miwili baadaye mwanafalaki Edwin Hubble akachapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba kadiri galaksi ilivyo mbali, ndivyo inavyokwenda kasi zaidi. Einstein akalazimika kukubali kwamba ulimwengu hautulii.

Lemaître hakuishia hapo. Kama vitu vinaachana, basi jana vilikuwa karibu zaidi, na juzi karibu zaidi ya jana. Katika barua fupi iliyotokea kwenye jarida la Nature mwezi Mei 1931 aliifuata hoja hiyo hadi mwisho wake: ulimwengu wote ulianza ukiwa umebanwa pamoja katika hali moja ya kale, ambayo baadaye aliiita atomu ya mwanzo. Wengi walimtilia shaka kwa sababu ya kanzu yake. Wazo la mwanzo lilinukia kanisa. Fred Hoyle wa Uingereza, aliyeshikilia kwamba ulimwengu haukuwa na mwanzo, ndiye aliyelipa wazo hilo jina la Mlipuko Mkuu katika kipindi cha redio mwaka 1949.

Hukumu ilitoka kwa vipimo. Kati ya 1964 na 1965 Arno Penzias na Robert Wilson, wakiwa na antena kubwa huko New Jersey, walinasa mnong'ono wa redio usiokoma, uliotoka pande zote za anga kwa kiwango kilekile. Waliisafisha antena, wakaondoa hata kinyesi cha njiwa, lakini mnong'ono haukuondoka. Ulikuwa ni mabaki ya joto la mwanzo, yaliyopoa hadi karibu nyuzi 270 za Selsiasi chini ya sifuri. Lemaître alikuwa mgonjwa alipoletewa habari hizo, na akafariki tarehe 20 Juni 1966. Leo umri wa ulimwengu unahesabiwa kuwa miaka bilioni 13.8.

Onyo kwa Papa

Katika maisha ya padri huyo lipo tukio lenye uzito zaidi kwa swali letu. Tarehe 22 Novemba 1951, Papa Pius XII alihutubia Akademia ya Sayansi ya Kipapa na kusema, kwa furaha kubwa, kwamba sayansi ya kisasa inaelekea kutoa ushuhuda wa saa ile Mungu aliposema nuru iwe. Mtu angetarajia Lemaître afurahi. Nadharia yake ilikuwa imebarikiwa na kiongozi mkuu wa kanisa lake.

Hakufurahi. Aliona hatari pande mbili. Nadharia ile ilikuwa bado haijathibitishwa, na hata ingethibitishwa, ingeweza kurekebishwa kesho. Muumini aliyeijenga imani yake juu yake angebomokewa siku ya marekebisho. Na mwanasayansi asiyeamini angepata sababu ya kuikataa bila kuipima, kwa kuwa imegeuzwa mahubiri. Kwa msimamo wa Lemaître, atomu ya mwanzo ilikuwa suala la fizikia tupu, na anayemwamini Mungu na asiyemwamini wangeweza kuijadili kwa usawa. Pamoja na Padri Daniel O'Connell, mkurugenzi wa kituo cha Vatikani cha kuchunguza nyota, aliufikisha ujumbe huo kwa wahusika. Septemba 1952, wanafalaki wa dunia walipokutana Roma na Papa akawahutubia, hakuyarudia yale ya mwaka uliotangulia.

Huo ndio ushauri ninaouona bora kuliko yote niliyoyasoma juu ya jambo hili. Imani isiikodi sayansi iwe shahidi wake, na sayansi isizuiwe mlangoni kwa jina la imani.

Nyegezi, Malindi na Ivuna

Afrika Mashariki na jirani zake hawakuwa watazamaji. Mwaka 1954 chuo kikuu cha Leuven kilizaa chuo cha Lovanium huko Kinshasa, kilichoongozwa na Luc Gillon, padri na mwanafizikia wa nyuklia. Mwaka 1959 Lovanium ikawasha kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika. Mwanza, Askofu Joseph Blomjous, Mholanzi wa Mapadri Weupe, alianzisha kituo cha mafunzo ya jamii Nyegezi mwaka 1960. Kituo hicho ndicho kilichokua hadi kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, SAUT, mwaka 1998. Blomjous alihudhuria Mtaguso wa Pili wa Vatikani, ambao Desemba 1965 ulitamka kwamba mambo ya dunia yana sheria zake halali, na kwamba uchunguzi unaofanywa kwa njia ya kweli haupigani na imani. Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 kwa juhudi za maaskofu, ni tunda la fikra hiyo. Ndani yake sala na maabara vinahudumia mgonjwa mmoja.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa uchunguzi wa nyota kwa miale ya eksirei. Ikaitwa Uhuru. Miongoni mwa matunda yake ni ushahidi wa mapema juu ya shimo jeusi katika kundi la nyota la Cygnus.

Tanganyika nayo ilikuwa imepokea mgeni wake. Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka Ivuna, kusini magharibi ya nchi. Kiasi kilichookotwa hakikufika kilo moja, lakini ni miongoni mwa mawe yenye thamani kubwa sana kwa sayansi, kwa sababu ukiacha gesi nyepesi, mchanganyiko wa elementi zake unakaribiana mno na ule wa jua. Jiwe hilo ni kipande cha malighafi iliyounda jua na sayari miaka bilioni 4.56 iliyopita. Kundi zima la vimondo vya aina hiyo huitwa kwa herufi ya Ivuna. Vumbi lililoletwa na Wajapani kutoka sayari ndogo ya Ryugu mwaka 2020 lilipochunguzwa, lilionekana kufanana nalo.

Furu wa Ghuba ya Mwanza

Ushahidi ulio karibu zaidi nasi unaogelea. Mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kuwachunguza furu wa Ghuba ya Mwanza, samaki wadogo ambao mvuvi wa Kirumba huwatumia kama chambo bila kuwafikiria mara mbili. Chini ya jina hilo moja kulikuwa na spishi zaidi ya 500 ziwani. Yupo furu anayekwangua mwani kwenye mwamba, yupo avunjaye konokono kwa meno ya kooni, yupo alaye mayai na vifaranga vya wenzake. Taya za kila mmoja zimechongeka kwa mlo wake.

Katikati ya miaka ya 1990 wanasayansi walitoboa tope la sakafu ya ziwa. Chini ya tope laini walifikia udongo mgumu uliowahi kukauka juani, wenye alama za mizizi ya nyasi. Mahali meli inapopita leo palikuwa mbuga. Ziwa lilikuwa limekauka katika kipindi cha ukame mkali, likajaa tena takriban miaka 15,000 iliyopita. Maana yake ni kwamba aina nyingi za furu zilitengana katika muda mfupi wa kushangaza, na wataalamu bado wanabishana ni kwa njia gani hasa.

Kisha sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950, akaongezeka kupita kiasi katika miaka ya 1980 na kuwamaliza furu wengi. Hapa muumini na mtafiti wana huzuni moja. Anayeamini kwamba viumbe ni kazi ya Mungu ana sababu ya kuomboleza kupotea kwa kila aina, na anayechunguza mageuko amepoteza kurasa za kitabu alichokuwa hajamaliza kukisoma. Furu waliobaki wanawahitaji wote wawili.

Mizozo isiyofichwa

Si haki kudai kwamba njia imenyooka. Papa Yohane Paulo II, aliyefika Mwanza Septemba 1990, ndiye ambaye Oktoba 1992 alikiri hadharani kwamba waliomhukumu Galileo walikosea, na Oktoba 1996 akasema mageuko ni zaidi ya dhana. Kanisa Katoliki lilichukua zaidi ya miaka 350 kuyasema ya Galileo. Waadventista kwa upande wao wanashikilia uumbaji wa siku sita halisi, na mwaka 2015 waliliimarisha tamko hilo. Kwao mgongano na mabilioni ya miaka ni wa kweli, na heshima inadai tuutaje hivyo ulivyo.

Nairobi, mwaka 2006, Askofu Boniface Adoyo aliongoza makanisa ya kiinjili kutaka Makumbusho ya Taifa yasiyape nafasi ya mbele masalia ya binadamu wa kale, akiwemo Mvulana wa Turkana aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984. Mtafiti wa masalia hayo, Richard Leakey, alipinga vikali, na masalia yakabaki kwenye maonyesho. Waliosahaulika katika kelele hizo ni watu kama Shemasi Mkuu Walter Owen, Mwanglikana wa nchi ya Kavirondo, magharibi mwa Kenya, ambaye katika miaka ya 1930 alifukua masalia ya kale kwenye kisiwa cha Maboko, ndani ya ziwa hilihili, huku akihubiri Injili na kuwatetea Waafrika dhidi ya dhuluma za wakoloni.

Kwa Waislamu kishawishi kimekuja kwa sura nyingine. Aya ya 30 ya Surat al-Anbiyaa, isemayo kwamba mbingu na ardhi zilikuwa zimeambatana kisha zikatenganishwa, imetajwa mara nyingi kuwa ni habari ya Mlipuko Mkuu, hasa baada ya kitabu cha daktari Mfaransa Maurice Bucaille cha mwaka 1976. Naelewa furaha ya anayeisoma hivyo. Lakini onyo la Lemaître kwa Papa linamhusu sheikh vilevile. Aya iliyowaongoza watu kwa karne 14 haihitaji kibali cha antena ya New Jersey, na fizikia ikibadili kauli, aya isiburutwe nayo.

Jibu kwa kijana wa Kidato cha Kwanza

Je, imani na sayansi vinaweza kukaa pamoja? Vimekwisha kukaa, katika kichwa cha padri mmoja wa Ubelgiji na katika shule na hospitali za pande hizi. Masharti yake ni mawili, na yote ni magumu. Mwenye imani akubali kwamba umri wa jiwe huulizwa jiwe lenyewe, kwa vipimo. Mwenye sayansi naye akubali kwamba vipimo vyake huanza pale ambapo tayari kuna kitu cha kupimwa. Kwa nini kuna kitu badala ya utupu, na mtu aishi vipi na jirani yake, hayo hayasomeki kwenye antena wala kwenye tope la ziwa.

Kwa hiyo mwalimu wa Historia wa Nyamagana anaweza kuanza vingine. Asiziandike habari mbili ubaoni kama wagombea. Aeleze kwanza ushahidi wa mageuko kwa ukamilifu, bila kuomba radhi, na asahihishe lile kosa la kila darasa kwamba tumezaliwa na nyani wa leo, kwani nadharia inasema tuna wahenga wa pamoja nao. Kisha awaambie wanafunzi kwamba swali la Muumba ni kubwa mno kuwa kipengele cha mtihani, na kwamba wapo watu waliolibeba maisha yao yote huku wakipima nyota. Mhubiri naye, kabla ya kuikemea sayansi madhabahuni, aisome kwanza, kwa kuwa kijana aliyelazimishwa kuchagua kati ya Mungu na jiwe analoliona kila siku anaweza kuliacha kanisa au msikiti, na kosa halitakuwa la jiwe.